Tofali la Vidole Vitatu

Kwanza hakuuza. Nimesema na narudia, hakuuza! Aligawa. Kuuza na kugawa ni vitu viwili, na kama tofauti huioni basi hata tukikesha hapa tutakuwa tunapigiana kelele tu. Na hiyo habari yenu ya kwamba "yule mama Bernadina ndiye aliyevunja Kwamabruda", haya, isemeni, ila msemaji aiseme yote. Mimi nauza mitumba stendi ya Korogwe. Kila siku anapita mtu na kipande chake cha hii stori, amekikata anapotaka na kukipamba anavyotaka, halafu wenzake wanacheka. Juzi nimemtupia mmoja bunda la suruali usoni. Leo naiweka yote mezani. Na Bernadina ni mamkubwa wangu, mama yangu Rosa anamfuata, kwa hiyo msitegemee niongee kipole.

Kwa asiyepajua: ukitoka Korogwe kwenda Handeni, kabla hujafika Misima, kuna kilima kifupi kushoto kwako, na chini yake mikonge ya zamani imeshageuka pori. Asubuhi kama hakuna ukungu, ukiwa pale juu unaiona milima mpaka upande wa Lutindi. Hapo ndipo palikuwa na nyumba ya mabruda. Wazigua wanapaita Kwamabruda, Wasambaa wanapaita Kwemabruda, na wanaweza kubishania hiyo herufi moja mpaka chai ipoe.

Mabruda walikuwa watawa wa kiume, Wajerumani. Hawaoi, hawana watoto, kazi yao kusali, kulima na kufyatua matofali. Walijenga kama kwao: uwanja wa mraba katikati, baraza imeuzunguka pande zote, nguzo na matao ya matofali mekundu. Vita ya kwanza ikaja, wakachukuliwa. Wakarudi, wakaijenga upya ile baraza. Vita ya pili ikaja, wakaenda moja kwa moja. Mbao za paa zikaishia kwenye kambi ya mkonge, vigae vikafuata huko huko. Mara pakawa darasa, mara ghala, mara zizi la mbuzi. Sisi tumezaliwa tumekuta kuta zimesimama bila kofia. Lakini zimesimama! Hapo ndipo nataka muelewe. Zilisimama kwa sababu kulikuwa na mtu.

Mtu mwenyewe ndiye Mamkubwa.

Bernadina ana umri ambao kama angekuwa ameajiriwa sasa hivi angekuwa amestaafu. Anakaanga mihogo barabarani, chini ya hicho kilima. Jumamosi hakaangi. Jumamosi anapanda juu na ufagio wa chelewa na ndoo ya majivu ya jikoni kwake. Anafagia baraza yote, halafu anamwaga majivu kwenye miguu ya kuta ili mchwa wasipande. Akimaliza anazunguka kukagua nyufa, maana ndege wanakula tini za mkuyu wanakuja kunya juu ya ukuta, na pale pale mti unaota. Akiuona anaung'oa ukiwa bado mdogo kama kidole. "Mkuyu ukiuacha masika moja," anasema, "masika ya pili wenyewe ndio baba mwenye nyumba." Hakuna aliyemtuma. Hakuna aliyewahi kumpa hata sabuni.

Sababu yake ilikuwa kwenye nguzo moja.

Babu yake alikuwa Mnyamwezi, anaitwa Mihambo, alitoka pande za Tabora kuja kukata mkonge. Wale walikuwa wanaitwa manamba kwa sababu kila mtu alipewa namba. Jina lako hakuna aliyekuwa na shida nalo. Akahamishiwa kiwandani, kwenye mashine ya kukamua mkonge inayoitwa korona, na hii ni korona ya chuma, siyo ule ugonjwa. Korona ikala vidole vyake viwili vya mkono wa kulia, cha mwisho na kinachokifuata. Shambani wakamwambia hufai tena. Mabruda wakamchukua, wakamfundisha kufyatua matofali, wakambatiza Nicolaus.

Siku moja, tofali likiwa bado bichi, Mihambo akalikandamiza kiganja. Sijui kwa nini. Mimi nafikiri ukishakuwa namba miaka yote hiyo, unataka mahali popote uweke mkono useme nipo. Bruda aliyekuwa anasimamia hakulitupa. Likachomwa, likawekwa kwenye nguzo ya kulia ya tao la mlangoni, usawa wa bega, alama imetazama nje: kiganja na vidole vitatu.

Babu alipokufa walimzika kwenye makaburi ya kambi. Baadaye makaburi yakalimwa, ukapandwa mkonge. Sasa sisi watoto wa manamba hatuna mahali. Wazigua wana mizimu yao, Wasambaa wana makaburi ya wazee wao huko milimani, sisi tukiulizwa kwenu wapi tunaonyesha kwa kidevu, kule, mbali, ambako hatujawahi kufika. Picha ya babu hakuna. Kaburi hakuna. Palikuwa na lile tofali tu. Mamkubwa kila Jumamosi akimaliza kufagia anakunja vidole viwili, anaweka mkono pale, anasema, "Shikamoo babu." Tulivyokuwa wadogo alitupeleka wote tukaweke mkono. Mimi baba yangu Mwislamu, naitwa Faudhia, na bado nilikunja vidole viwili nikasema shikamoo. Lilikuwa linakuwa na joto mchana, lile tofali. Kama mkono kweli.

Sasa anakuja Jonathan.

Jonathan ni kijana fundi wa majengo ya zamani, aliletwa na kikundi cha wafadhili wanaohangaika na magofu. Mpole, miwani, viatu vizuri mpaka unavihurumia na hilo vumbi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umepotea?"

"Hapana mama, nimekuja kuangalia hili jengo."

"Unalinunua?"

"Nataka kulishika lisianguke."

"Aa! Basi kaa ule muhogo kwanza. Huwezi kushika jengo na njaa."

Walipatana siku hiyo hiyo. Akapima, akapiga picha kila nguzo, akachora. Mamkubwa akamwonyesha vidole vya babu. Jonathan akamwambia kwamba ramani kama hii, ya uwanja katikati na baraza pembeni, huko Ulaya ina miaka kama mia nane, na nyingi ya hizo nyumba zao nazo sasa ni magofu, watu wanaenda kuyatazama.

"Kwa hiyo hili letu ni mjukuu wa magofu," Mamkubwa akasema.

"Ndiyo, mama, ni kama mjukuu."

"Basi tunafanana. Na mimi hapa nimekuja kama mjukuu."

Wakacheka. Jonathan akasema ataweka alama sehemu zilizochoka zaidi, halafu ataondoka, na akirudi atakuja na gari kubwa na watu wa kazi. Mamkubwa akasema weka, baba. Namba yake ya simu akamwachia mwenyekiti wa kitongoji. Kesho yake Mamkubwa akapata taarifa ya msiba Kwaluguru, akaenda, akakaa huko mpaka matanga.

Huku nyuma Jonathan akaweka alama zake. Rangi aliyokuwa nayo ni nyekundu. Alama aliyoweka ni X.

Haya, niambie wewe Mtanzania mwenzangu. Jengo likipigwa X nyekundu maana yake nini? Hata mtoto wa chekechea anajua. X maana yake toa vitu vyako, greda linakuja.

Na Mamkubwa kuliko wote alikuwa anajua. Zamani kidogo, barabara ilivyokuwa inapanuliwa, kibanda chake cha mihogo kilipigwa X. Kibanda kizuri, mabati mapya, mlango wa mninga aliochongewa na marehemu mumewe. Watu wakamwambia bomoa mwenyewe uokoe vitu. Akagoma. Akasema hawa wanatisha tu. Greda lilifika asubuhi akiwa anachanganya chumvi, likapita. Mlango wa mninga aliuokota vipande vya kuwashia moto. Toka siku hiyo akawa na msemo wake: "X haina mjadala."

Aliporudi msibani, wa kwanza kumpokea alikuwa Mzee Mbaruku, jirani yake. Mbaruku ni Mzigua, na Wazigua na Wanyamwezi ni watani toka enzi za misafara. Hawa wawili wametaniana maisha yao yote. Yeye anamwita Mamkubwa "mpagazi uliyesahau kurudi". Mamkubwa anamwambia, "Ningerudi, nani angewafundisha nyie kuosha miguu?" Na kama hujui utani wa msibani, elewa hivi: mtani anaruhusiwa kunyakua kitu cha mfiwa, sufuria, kiti, chochote, akakaa nacho. Ukikitaka unakikomboa, kwa kuku au kwa soda, watu wanacheka, huzuni inapungua. Kumbuka hilo, litarudi.

"Mtani," Mbaruku akasema, "shuka kwenye hiyo pikipiki taratibu usije ukadondoka. Mabruda wamepigwa X."

"Mbaruku, nimetoka kuzika. Leo niache."

"Wallahi sio utani. Panda ukaone."

Akapanda na kanga zake za msiba vile vile. Akakuta X kwenye nguzo, X kwenye matao, X juu ya vidole vya babu. Akagusa rangi, imeshakauka. Akateremka kwa mwenyekiti. Mwenyekiti akapiga ile namba, haipatikani. Akapiga tena, haipatikani.

"Lakini yule kijana alisema anarudi kulishika," Mamkubwa akasema.

"Alisema anarudi na nini?"

"Na gari kubwa."

"Sasa gari kubwa ni nini, mama Bernadina, kama sio greda?"

Hapo ndipo kila kitu kilipoharibika. Hakuna mtu aliyekuwa na roho mbaya hapo. Nyie mnaoongea stendi mnatafuta mwizi, na mwizi hayupo.

Mamkubwa hakulala na wazo lingine. Alitoka kwenye matanga, kichwa chake kilikuwa bado kwenye matanga. Kwetu mtu akishazikwa, siku ya matanga vitu vyake vinagawiwa. Huachi nguo za marehemu ziliwe na mchwa, unampa ndugu avae, ili ukikutana nayo njiani useme ile shati ya fulani. Basi akaliona jengo kama marehemu. Akapita mlango kwa mlango: njooni Jumamosi mchukue. Kuliko greda lisage, wakamwage mtaroni, bora mkajengee. "Tofali likikaa kwenye nyumba ya mtu lina heshima," alisema. "Kwenye kifusi halina."

Jumamosi walikuja watu sijawahi kuona. Matoroli, punda, bodaboda na magunia. Mamkubwa akasimama katikati ya uwanja, kanga imefungwa kiunoni, anagawa kama anavyogawa mtu urithi.

"Elina, wewe nyumba yako ya udongo, chukua ya kona, ndiyo magumu. Wewe baba, una nyumba mbili, usijifanye yatima hapa! Bomoeni taratibu, toeni juu kwanza. Na lile la vidole hakuna kugusa. Mfiwa anachukua mwisho."

Alilifagia lile jengo siku hiyo pia. Watu wanabomoa, yeye anafagia nyuma yao. Mimi nilikuwepo. Nilimwambia Mamkubwa pumzika, akanijibu, "Marehemu haondoki mchafu."

Ila watu ni watu. Walianza juu kama walivyoambiwa, halafu uvivu ukaingia, wakaanza kuchomoa chini. Tao la mlangoni likatoa mlio kama mtu anayeguna, nguzo ya kulia ikakaa chini yote. Vumbi. Kelele. Bahati hakuna aliyeumia. Vumbi lilipotulia pale palikuwa na lundo, na watu wakalivamia kama njugu zilizomwagika.

Mamkubwa akapiga magoti kutafuta. Anageuza moja, anageuza jingine. "Jamani, la vidole. Nani kaona la vidole?" Hakuna. Alitafuta mpaka watu wameisha, tumebaki yeye na mimi na mama yangu, na nguzo za pembeni zimebaki kama meno ya mzee. Akasema, "Kesho nitalikuta." Kesho hakulikuta, na zile nguzo zilizobaki watu walikuwa wameshazimaliza.

Greda halikuja. Lililokuja ni lori, limebeba miti ya kuegemeza, chokaa na mafundi, na Jonathan kakaa mbele anapunga mkono toka mbali. Alikuwa anatabasamu, maskini. Akashuka. Akaangalia kilima. Akavua miwani akaifuta, akavaa tena.

"Mama. Nani amebomoa?"

"Si mlipiga X?"

"Ndiyo, niliweka X."

"Sasa?"

"X ni pale pa kuegemeza, mama. Unaweka mti huu na mti huu, vinakatana, vinashika." Akaonyesha kwa mikono yake, amekunja moja juu ya nyingine. Ile mikono ilibaki hivyo hivyo hewani. Naona ndio na yeye akaelewa alichokiandika.

Mamkubwa akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini, akacheka mpaka mama yangu akamshika mabega, na hatukujua ni wakati gani kicheko kiligeuka.

"Ungeniambia," alikuwa anasema. "Baba, ungeniambia tu kwa mdomo. Mbona muhogo wangu ulikula?"

"Nilikukosa, mama. Nilikuta umeenda msibani. Na milimani nilikokuwa hakuna mtandao."

"Kwa hiyo nimelizika zima."



Jonathan alikaa pale siku kadhaa akifikiria. Yeye alikuwa na kazi yake, angeweza kupakia miti yake akaondoka, lakini hakuondoka. Akasema msingi wote upo. Michoro anayo, picha ya kila nguzo anayo. Matofali yakirudi ya kutosha, upande wa mlangoni unaweza kusimama tena, baraza moja na tao lake. Wafadhili wamekubali kusubiri mpaka kabla ya masika. Masika yakianza na matofali hayapo, miti na chokaa vinaenda gofu lingine, na hapa watafukia msingi ili usioze. Wakishafukia, basi.

Hapo ndipo Mamkubwa akaanza tena mlango kwa mlango. Watu wale wale. Safari ya kwanza alikwenda kugawa, sasa anakwenda kuomba. Mwanamke mmoja akamwambia uso kwa uso, "Mama Bernadina, ulishagawa matanga, sasa unadai urithi?" Mwingine, "Nishapiga plasta, au unataka nikuvulie nyumba?" Wengine ndio wakaanza hii ya kwamba aliuza, kwamba wazungu walimpa chake mapema. Mimi ningewajibu. Yeye alikuwa anasema tu, "Sawa mwanangu. Kosa langu. Lakini nakuomba."

Elina alirudisha siku ile ile, ya kona, yote. Alikuwa ameyapanga chini ya mapipa ya maji. Akasema, "Nilikuwa nayaonea aibu hata kuyakanyaga."

Na Mbaruku? Mbaruku alikuwa anamkwepa. Mtu ambaye maisha yake yote hajawahi kupita mbele ya mihogo bila kutukana, sasa anazunguka njia ya nyuma. Mamkubwa akafikiri ni hasira za choo, maana alikuwa amejenga choo kipya kwa yale matofali, na pengine anaogopa kuambiwa akibomoe. Siku moja akamfuata kwake.

"Mtani, choo chako kaa nacho. Sijaja kwa ajili ya choo. Mbona hunitukani?"

Mbaruku akaangalia chini. Mzee mzima, ndevu nyeupe.

"Nililichukua mimi," akasema.

"Ulichukua nini?"

"La vidole. Nguzo ilivyoanguka nililiona. Nikalinyakua, utani, ili asubuhi nije nalo mbele za watu nikwambie lete jogoo ukomboe mkono wa mpagazi. Nikaliweka kwenye lundo langu. Nikasema mahali pazuri pa kuficha tofali ni kwenye matofali."

"Haya. Liko wapi? Jogoo ninaye."

"Asubuhi ile niliwahi kliniki Handeni. Narudi, fundi ameshapandisha choo, na yaliyobaki amempa mtu mwenye pikapu, eti yanajaza uwanja. Bernadina, dada yangu, sijui limo ukutani au limeenda."

Kwa mara ya kwanza hakumwita mpagazi wala mtani. Alimwita dada. Mamkubwa anasema hilo ndilo lililomuuma kuliko lote, maana mtani akiacha kukutania, ujue na yeye amefiwa.

Mbaruku alikibomoa choo chake mwenyewe. Hakuombwa. Tofali moja moja, kwa tindo, analigeuza, analifuta, analiweka pembeni. Watu walikuja kuangalia, wakacheka kidogo, halafu wakaacha. Wengine wakaanza kumsaidia. Alifika mpaka msingi. Halikuwemo. Akapakia yote kwenye toroli akayapandisha kilimani, na sasa hivi anaomba choo kwa majirani, mzee wa watu, na hakuna aliyethubutu kumtania.

Fundi aliulizwa. Anakumbuka pikapu nyeupe, iligeuza kichwa kuelekea upande wa Handeni. Zaidi ya hapo hakumbuki.

Juzi Jumamosi nilipanda kumwona. Kuta hakuna. Anafagia sakafu tupu, anaifuata baraza kona mpaka kona kama vile nguzo zipo, na akifika zilipokuwa anapinda. Majivu anamwaga kwenye msingi. Matofali yaliyorudi ameyapanga pembeni, bado ni kidogo, hayajafika hata nusu ya anayoyataka Jonathan. Nikamwambia Mamkubwa, hata yakikosekana yote, si unaukumbuka mkono wa babu?

"Naukumbuka," akasema. "Lakini babu alikuwa namba, Faudhia. Watu wote waliomjua walimjua kwa namba. Mkono wake ndio ulikuwa jina. Na nimesimama pale, kanga kiunoni, nikaugawa mwenyewe."

Alipofika penye ile nguzo akasimama. Akakunja vidole viwili, akainua mkono usawa wa bega. Hakukuwa na kitu pale, hewa tu. Akaushusha. Shikamoo hakusema.

Kwa hiyo nyie. Wa Misima, wa Kwaluguru, wa Handeni mjini, wa Korogwe, na wewe mwenye pikapu nyeupe popote ulipo. Kama una tofali jekundu, pana na zito kuliko haya ya kwetu, la Kwamabruda, lirudishe. Kama umelipigia plasta, gonga plasta. Kama limekaa chini ya pipa, weka jiwe badala yake. Uligeuze kila upande kabla hujalileta, na ukiona kiganja chenye vidole vitatu, usimpigie mtu, usipige picha ukaweka mtandaoni, panda pikipiki ulilete. Jumamosi Mamkubwa yuko juu pale. Jogoo bado anaye, atalikomboa. Hatutakuuliza ulilipataje.

Masika yako mlangoni. Acheni maneno, leteni matofali.